Rafiki wa Kiti cha Nyuma

Bi Saadia alipanda ngazi mwenyewe siku ile, na hilo peke yake lilitosha kumwambia Mwanaesha kwamba kuna jambo. Kwa miaka mitano bibi huyo, mke wa Mzee Yeslam mwenye duka la vitambaa Ndia Kuu, hakuwa ameikanyaga nyumba yao ya Kibokoni, ijapokuwa madirisha yalitazamana na mtu akipiga chafya huku aliombewa afya kule. Leo alikuja na sahani ya kaimati iliyofunikwa kitambaa cheupe. Akahema, akakaa, akauliza hali ya mtu mmoja mmoja, waliomo na waliokwisha kufa, ndipo akalitoa lililomleta.

"Nimekuja kwa haja, Bi Khairiya," alimwambia mamake Mwanaesha. "Mke wa Sheikhan hajui mji. Tangu ashuke melini, wiki ya tatu hii, kazi yake ni kutazama kuta. Mwanangu yuko dukani na babake kutwa. Mimi miguu ndiyo hii, imejaa maji. Nikasema, nani wa kumtembeza kama si Mwanaesha? Mtu mzima, ana akili zake, na mabasi ayajua."

Mtu mzima. Mwanaesha alikuwa na miaka ishirini na sita, na katika mtaa ule mwanamke wa umri huo asiye na mume aliitwa mtu mzima kwa sauti ile ile ya kumpa mtu pole. Aliinama akajifanya anaokota kitu sakafuni, maana alijua uso umembadilika.

Bi Saadia alipokwisha kushuka, Mwanaesha alisema, "Siendi."

"Utakwenda," alijibu mamake.

"Mama, wajua mambo yalivyokuwa."

"Najua. Na mtaa mzima wajua. Ndiyo maana utakwenda." Bi Khairiya hakuwa mtu wa kupaza sauti; alipokasirika ndipo alipozidi kusema polepole. "Ukikataa, kesho watasema: kumbe bado. Kumbe binti wa marehemu Jaffar angali akimlilia mtoto wa Yeslam. Nimechoka kupita njiani watu wakanyamaza. Mtembeze mke wa watu, umrudishe salama, na mlango huo ufungwe."

"Na Bi Saadia ndilo alilolifuata hapa?"

"Yeye amekuja kutazama kama jeraha limekauka. Mwoneshe limekauka."

Halikuwa limekauka. Mwanaesha na Sheikhan walipendana tangu yeye ana miaka kumi na minane, kwa macho ya dirishani, kwa barua zilizopita mikononi mwa binamu, kwa neno moja moja kwenye ngazi za arusi za watu. Sheikhan alipotamka nyumbani kwao kwamba ataka kumposa, mamake alimjibu kwamba wanaume wa ukoo ule huoa mabinti wa ami zao na wajomba zao, alivyooa babake na alivyooa babu yake, na kwamba binti Jaffar ni msichana mzuri, Mungu amjaalie wa kwao. Mwaka wa sitini na mbili wakampakia melini kwenda Mukalla, ng'ambo ya bahari, kwa mjomba wake, ati akajifunze biashara. "Miaka mitatu," alimwapia Mwanaesha siku ya kuagana. "Kisha naja kukuchukua, wapende wasipende." Barua zake zilikuja mwaka mmoja, zikakatika. Na sasa, mwaka wa sitini na saba, alirudi. Mwanaesha alimwona kutoka dirishani akishuka gari lililojaa mizigo mbele ya mlango, amenenepa kidogo, ana ndevu. Akageuka akampa mkono mwanamke aliyejifunika baibui jipya, akamshusha taratibu kama mtu ashushaye taa ya kioo.

Mwanamke huyo aliitwa Mona. Asubuhi ya Jumatatu alikuwa amesimama mlangoni tayari, saa mbili hata haijagonga, uso wa duara, macho ya mtu anayekwenda karamuni. Mamake alikuwa mzaliwa wa Unguja aliyeolewa Mukalla, kwa hivyo Kiswahili alikijua, ila alikisema kwa mwendo wa mtu avukaye juu ya mawe.

"Sabalkheri, dada Mwanaesha. Nimefurahi sana. Sikulala."

"Sabalkheri. Tutakwenda taratibu. Nasikia u mzito."

Mona alicheka, akajishika tumbo juu ya baibui. "Mwezi wa nne. Mama mkwe amekwisha kueneza?"

"Mtaani kwetu habari hazihitaji mwenezi," alisema Mwanaesha, na alishangaa jinsi sauti yake ilivyotoka imetulia.

Walianza kwa miguu hadi Ngomeni. Wakazitazama zile kuta nene na mizinga iliyoelekezwa baharini, wakapita chini ya lango kubwa ambapo hata adhuhuri pana baridi. Mona alitaka kujua kila kitu: nani alijenga, nani alimfukuza nani, waliozingirwa humo walikula nini. Mwanaesha alimjibu kwa aliyoyajua, na yale asiyoyajua alisema hayajui. Alijiambia moyoni kwamba kumbe si vigumu. Ni kutembea tu na kusema, hii ni hii, ile ni ile.

Ugumu ulianza ndani ya basi.

Walipanda pale nje ya Ngome. Basi lilikuwa na watu wachache, akina mama wawili wa sokoni na mzee mmoja aliyesinzia. Kondakta, kijana wa Kigiriama ambaye dereva alimwita Jefwa, aliwakatia tikiti akaenda kusimama mlangoni. Mwanaesha alikuwa akielekea viti vya mbele, Mona akamshika mkono.

"Tukae nyuma, dada. Upande wa kushoto, dirishani. Sheikhan ameniambia ndipo mtu auonapo mji wote."

Mwanaesha alikaa. Miguu yake ilikuwa imekaa kabla ya yeye kuamua.

"Yeye na rafiki yake," aliendelea Mona, "siku ya Idi Mosi walizunguka kisiwa kizima kwa basi. Mwaka mmoja kabla hajaja kwetu. Wallahi dada, hadithi hiyo nimeisikia mara mia. Usiku wa joto kule, umekosa usingizi, namwambia, nihadithie mji wenu. Naye daima huanza na safari ile. Ndiyo nikamwambia mama mkwe, mimi nataka kupelekwa njia ile ile."

"Rafiki gani?" Mwanaesha aliuliza. Aliuliza akitazama nje, ambako duka lilikuwa likipita, kisha duka, kisha ukuta.

"Rafiki yake wa utotoni. Yeye alikaa mbele na rafiki yake akakaa nyuma, kiti kama hiki. Nikamuuliza, watu wawili mwatembea pamoja, mbona mwakaa mbalimbali? Akasema basi lilikuwa limejaa. Basi yeye akawa anyoosha kidole dirishani bila ya kugeuka, ili yule wa nyuma ajue atazame nini. Haikuchekeshi?"

"Yachekesha."

Basi halikuwa limejaa siku ile. Lilikuwa na viti vitupu hata vya kulala mtu. Mwanaesha alikuwa na miaka ishirini, amewapotea wenzake katika zogo la Idi pale Makadara, amejifunika mpaka machoni, na moyo wake ulipiga hata akadhani kondakta atausikia. Mbele yake, viti vinne, palikuwa na kofia nyeupe na shingo aliyoijua. Na kidole. Kidole kile kilinyoka dirishani kikamwonesha mji ambao yeye amezaliwa ndani yake, na hakuwa amewahi kuuona.

Mwembe Tayari walishuka kubadilisha basi. Mona alisimama katikati ya wauza karanga na wachukuzi, amefurahi, akageuka huku na huku akiyatazama mabasi ya bara yaliyopakiwa mizigo juu mpaka yakainama.

"Ni hapa!" alisema. "Hapa rafiki yake aliuliza kila basi linakwenda wapi. Hili wapi, lile wapi. Wakachagua moja la Taveta, wakasema siku moja watalipanda waende, wasimwambie mtu. Vijana wana mambo! Taveta kuna nini, dada?"

"Sijui," alisema Mwanaesha. "Sijapata kufika."

Wakapanda jingine. Wakapita chini ya zile Pembe za Ndovu za bati zilizopinda juu ya barabara ya Kilindini, Mona akatoa kichwa nje mpaka Mwanaesha akamvuta ndani kwa kumwogopea. Wakateremka Likoni, kivukoni, wakasimama kutazama feri ikija imejaa watu na baiskeli na mbuzi. Na hapo pia Mona alikuwa na la kusema: kwamba yule rafiki, mkubwa mzima, aliogopa maji, akakataa katakata kuvuka, hata Sheikhan alipomwambia ni dakika tano tu.

Mwanaesha alisikiliza. Kila alichokuwa amekifungia moyoni miaka sita, asimwambie mamake wala binamu yake, mgeni huyu alikuwa nacho mkononi, akikigeuza-geuza na kumwonesha kama mtoto aoneshaye ushanga. Hapakupungua kitu isipokuwa yeye mwenyewe. Maneno yake yalikuwamo, woga wake ulikuwamo. Yeye alikuwa ametolewa, akatiwa mwanamume asiye na jina.

Kutoka kivukoni walitembea polepole kwa njia ya pwani mpaka Laitihausi, penye mnara wa taa. Alasiri ilikuwa imeingia na upepo ukaanza kupoa. Wauzaji walikuwa wamekwisha kuwasha makaa: mihogo ya kuchoma, mahindi, madafu yamepangwa. Mona alikuwa amechoka, akakaa juu ya ukuta mfupi unaotazama bahari, akaagiza mhogo.

"Hapa ndipo Sheikhan alisema tumngojee. Atafunga duka aje," alisema akipuliza vidole. "Na hapa ndipo rafiki yake alipokula mhogo wa pilipili mpaka akatokwa na machozi, na Sheikhan akamcheka mpaka akaanguka chini."

"Haikuwa pilipili," alisema Mwanaesha. "Ilikuwa ndimu. Ilimrukia jichoni."

Wahenga walisema lililo moyoni ulimi huliiba. Mwanaesha aliyasikia maneno yake yakiwa yamekwisha kutoka. Mona aliacha kutafuna.

"Umejuaje?"

"Nimesema tu. Kwa kawaida ndimu ndiyo ichomayo macho."

Mona alimtazama. Kisha akaurudia mhogo wake, lakini akaula kwa vipande vidogo sana, kama mtu ahesabuye. Baadaye, kwa sauti ya chini, akasema, "Alimpenda sana rafiki huyo. Mimi nilikuwa nikimwonea wivu, naye ni maiti."

"Nani maiti?"

"Rafiki yake. Alikufa. Sheikhan hakukwambia? Ah, utaambiwaje. Alikufa huku, Sheikhan akapata habari kwa barua. Ndio mwaka ule alionioa. Nilikuwa namwona nyumbani kwa ami, huyo mjomba wake, hali chakula, hasemi, amekonda. Watu wakaja kumpa mkono wa tanzia. Babangu akasema kijana huyu asipooa atakufa na yeye. Ndipo nikapewa."

Bahari ilikuwa imejaa, yapiga chini ya ukuta. Mwanaesha alishika jiwe alilokalia kwa mikono miwili. Alitaka kucheka. Alidhani amesahauliwa, na kusahauliwa alikuwa amekwisha kukuzoea kama mtu azoeavyo jino bovu. Hakujua kwamba amezikwa, watu wakakaa mkekani wakamwombea, wakanywa kahawa.

Sheikhan alitokea kwa upande wa barabara, kanzu nyeupe, anatembea haraka. Alipowaona wamekaa bega kwa bega, hatua zake zikapungua. Alitoa salamu. Mona akainuka akampokea, akamwuliza habari za duka, kisha akasema yeye ana kiu, atakwenda pale kwenye madafu. Sheikhan alitaka kumwendea. "La, kaa," Mona alisema. "Nitachagua mwenyewe." Akaenda, akasimama hatua thelathini hivi, mgongo umewageukia.

Kwa mara ya kwanza katika miaka mitano, hapakuwa na dirisha baina yao.

"Mwanaesha," alisema.

"Usiniite. Maiti haitwi."

Alikunja uso kama aliyepigwa. "Amekwambia."

"Ameniambia yote. Ameniambia Idi, ameniambia Taveta, ameniambia kivuko. Umemhadithia vizuri, hukuacha kitu. Ila nataka kujua, nilikufa kwa maradhi gani?"

"Nisikilize kwanza. Mama aliniandikia kwamba umeposwa. Mtu wa Lamu, mahari yamepokewa, arusi ni baada ya Mfungo Mosi. Nilisoma barua ile nikaona giza. Watu wakaniuliza una nini, nikasema nimefiwa na rafiki. Nitasema nini, Mwanaesha? Nitaje jina lako mbele ya wanaume? Wakanipa mkono. Neno likatoka kinywani, halikurudi."

"Mtu wa Lamu alikuja kweli," alisema Mwanaesha. "Alikuja na watu wake, mamangu akafurahi, akapika. Nami nikakataa. Nilijifungia siku mbili, sili, mpaka wakarudishiwa majibu. Nilikataa kwa ajili ya ahadi yako. Hilo mamako alikuandikia?"

Sheikhan aliigeukia bahari.

"Nami nilikuandikia. Mara tatu."

"Zilinifikia mbili."

"Ukasoma nini?"

Sheikhan alitazama chini. Mkono wake ulikuwa ukisugua ukuta, ukisugua mahali pamoja. "Sikuzifungua."

"Hukuzifungua."

"Nilidhani ni za kuniaga. Nilidhani waniomba radhi. Sikuweza, wallahi sikuweza. Nilikaa nazo siku nyingi, kisha nikazitia baharini."

Mwanaesha alikuwa amejiandaa kwa mengi miaka ile. Alijiandaa kusikia kwamba alilazimishwa, kwamba alirogwa, kwamba alimpenda mwengine. Hilo hakuwa na maandalio yake. Alizikumbuka barua zile. Ya pili aliiandika mara nne kwa kuwa machozi yaliharibu wino, na ndani yake alisema neno moja tu la maana: nimemkataa, njoo.

"Ungefungua moja," alisema. Sauti yake sasa ilikuwa nyembamba. "Moja tu, Sheikhan. Sikukutaka upigane na mamako. Sikukutaka urudi kwa kuogelea. Kufungua bahasha tu."

"Najua. Niliporudi nikakuona dirishani, nikauliza watoto wake wangapi, dada yangu akanicheka, akasema watoto wa nani? Tangu siku hiyo sili nikashiba." Alisogea, akateremsha sauti. "Bado lawezekana. Sheria yaniruhusu. Mama nitamkabili, safari hii nitamkabili. Mona ni mtu mwema, moyo wake mweupe, ataridhia. Nitakupangia nyumba yako upande wa Majengo..."

"Utamwambia mimi ni nani?"

"Vipi?"

"Huyo Mona mwenye moyo mweupe. Utamwambia unamwoa nani? Utamwambia huyu ndiye rafiki yangu, amefufuka?"

"Hana haja ya kujua yaliyopita. Yatamuumiza bure."

Mwanaesha alimtazama, akamtazama vizuri, kwa kuwa alijua hatamtazama tena hivi. Alikuwa mzuri bado. Yale macho yalikuwa yale. Alitamani, Mungu amsamehe, alitamani kusema ndiyo; mwili mzima ulitamani, na kama angalikuja na neno hilo mwaka mmoja nyuma, peke yake, angalimfuata hata kwa miguu. Lakini mtu huyu alikuwa amekwisha kumficha mara moja chini ya ardhi kwa kuogopa kutaja jina lake, na sasa alikuwa akimtafutia shimo la pili, lenye paa na mlango, upande wa Majengo.

"Mwite mkeo," alisema. "Jua lakwenda."

Basi la kurudi lilikuwa limejaa watu waliotoka kazini. Sheikhan alipata nafasi mbele, akasimama ameshika chuma. Wao wawili walipishwa kiti cha nyuma. Kisha Mona, akitazama ule mgongo mweupe kule mbele, akauliza:

"Dada, rafiki yake aliitwa nani?"

Mwanaesha angeweza kutaja jina lolote. Alimfikiria mamake aliyesema mlango ufungwe. Alifikiria mtoto wa miezi minne aliye baina yao, asiyejua lolote. Alijua pia, na hilo ndilo alilojilaumu nalo miaka mingi baadaye, kwamba kulikuwa na sehemu ya moyo wake iliyotaka mtu mwengine aumie naye.

"Aliitwa Mwanaesha," alisema. "Mwanaesha binti Jaffar. Wala hakufa."

Mona hakupiga kelele. Alifumba macho, na mkono wake ukaenda tumboni, ukakaa hapo.

"Tangu ndimu nilijua," alisema mwishowe. "Nikajiambia, sijui. Nimewaacha pale makusudi, nikawapa mgongo, nikasema wakiwa hawana kitu watasimama mbali. Kwa nini umeniambia? Kwa nini hukusema Ali, hukusema Omari? Ningeamini. Ningejilazimisha niamini."

"Nimechoka kuwa maiti, Mona."

"Na mimi?" Macho yalifumbuka, yamejaa. "Mimi nimelala na hadithi yako miaka mitatu. Nilidhani ananipa mji wake. Alikuwa akikutazama wewe, na mimi nikimwambia, haya, endelea, kisha ikawaje?"

Basi likasimama karibu na zile Pembe. Kabla Mwanaesha hajajua, Mona alikuwa amekwisha kuinuka, anapenya watu kwa mabega, anashuka. Mwanaesha alimfuata mbio, baibui likamnasa kwenye chuma cha kiti, akalivuta likachanika. Kondakta alipiga kengele nyuma yao. Basi likaondoka na Sheikhan ndani yake, amewapa mgongo vilevile, hajui.

Mona alikuwa akitembea haraka upande usio wa nyumbani, kuelekea bandarini.

"Huko siko!" Mwanaesha aliita. "Mona! Huko ni Kilindini!"

"Ndiko meli ziliko."

"Hakuna meli ya kwenu leo. Na ikiwapo, utapanda na nini? Utamwambia nani?"

Mona alisimama. Watu walikuwa wakipita na baiskeli, wakiwatazama wanawake wawili wenye mabaibui wanaosemezana barabarani. Alikuwa na miaka ishirini. Babake, mamake, dada zake, wote walikuwa ng'ambo ya bahari. Alitazama barabara upande huu, akatazama upande ule, na Mwanaesha akaona kwamba kweli hajui hata aende wapi. Kutwa nzima alioneshwa mji, na hakuwa na mlango hata mmoja wa kubisha.

"Nirudishe," alisema Mona. "Mimi sijui njia."

Wakarudi kwa miguu, mwendo mrefu kwa mwenye mimba. Mara mbili Mona alisimama akashika ukuta, na mara mbili Mwanaesha alimpa mkono, na Mona aliushika kwa kuwa hapakuwa na mwengine. Walipoingia vichochoro vya Kibokoni, akina mama waliokaa barazani waliwasalimu, wakauliza matembezi yalikuwaje, na wote wawili wakajibu kwamba yalikuwa mazuri, alhamdulillahi.

Mlangoni kwa Mzee Yeslam, Mona aliuachilia mkono.

"Kesho usije," alisema. "Wala kesho kutwa. Sitaki kukuona." Akausukuma mlango nusu. "Lakini Ijumaa, kama utaweza, pita. Mwezi huu wakunga watanitazama, na mimi mji huu sina mtu ninayemjua ila wewe."

Akaingia, akaufunga mlango polepole, bila ya kuugongesha.

Mwanaesha alibaki amesimama kichochoroni, baibui limechanika begani. Juu yake dirisha likafunguka, na Bi Saadia akatoa kichwa, uso umekunjuka kwa furaha.

"Mmerudi? Sheikhan asema mlipotezana basini, ametoka tena kuwatafuta. Amefurahi mwanangu?"

"Amefurahi, mama."

"Ahsante sana, Mwanaesha. Umenifaa leo. Mungu akulipe kila la kheri, akupe na wewe mume mwema."

Majirani walikuwa wakisikiliza, kila dirisha na pazia lake. Mwanaesha aliinua uso akatabasamu kama alivyofundishwa tangu utoto kuwatabasamia wakubwa.

"Amin, mama," alisema. "Amin."